Je, wajua ni kwa nini Wakristo wa kale walimkataa Mungu asiyekasirika?

Mnamo mwaka 144, kanisa la Roma lilimtenga Marcion, tajiri mwenye meli aliyetoka Sinope, mji wa bandari wa Bahari Nyeusi, na likamrudishia sesterti 200,000, fedha za Kirumi alizokuwa amelitolea sadaka. Kosa lake lilikuwa fundisho ambalo mpaka leo huwavutia watu wengi wenye nia njema: kwamba Mungu wa Agano la Kale, aliyeumba ulimwengu, anayehukumu na kughadhibika, siye Baba aliyehubiriwa na Yesu, kwa kuwa Baba huyo ni mwema tu, hana hasira wala hukumu. Ili fundisho hilo lisimame, Marcion alilitupa Agano la Kale lote, akabaki na Injili ya Luka, nayo akiwa ameipunguza, pamoja na nyaraka 10 za Paulo. Mtu angedhani kwamba waumini wa siku zile, waliokuwa wachache na wenye kuandamwa, wangempokea kwa furaha Mungu mpole wa namna hiyo. Kwa nini basi walimkataa?

Jibu linaanzia mbali, katika sheria inayohusu nguo. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinaagiza kwamba anayechukua vazi la jirani yake kuwa rehani amrudishie kabla jua halijachwa, kwa sababu maskini huyo hana kingine cha kujifunika usiku. Mistari michache tu kabla ya hapo, Mungu anaonya kwamba mjane na yatima wakionewa na kumlilia, atawasikia, na hasira yake itawaka. Mambo haya hayakuwa ya kwenye maandiko tu. Mwaka 1960, katika magofu ya ngome ndogo karibu na pwani ya Israeli, kusini mwa Jaffa, kilichimbuliwa kigae chenye maandishi ya wino ya karne ya 7 kabla ya Kristo, ambamo mvunaji mmoja anamlalamikia mkuu wa mahali pale kwamba alikwisha kuvuna na kuweka nafaka ghalani, lakini msimamizi akaja akamnyang'anya vazi lake. Anasema wavunaji wenzake watamshuhudia, na anaomba arudishiwe.

Zaidi ya miaka 100 kabla ya mvunaji huyo, nabii Amosi, mfugaji wa Tekoa, alikuwa amekwisha kuwashutumu watu waliojinyosha kando ya madhabahu juu ya nguo zilizowekwa rehani, wakinywa divai iliyotokana na faini. Hao hao walikuwa wakipunguza vipimo, wakiuza makapi ya ngano, na kumnunua maskini kwa bei ya jozi ya viatu. Ikumbukwe kwamba hawakuwa watu wasiosali. Sikukuu zao zilijaa nyimbo na sadaka, na waliingoja kwa hamu siku ya Bwana, wakidhani kwamba hukumu itawaangukia wengine. Amosi akawaambia kwamba siku hiyo kwao itakuwa giza. Ghadhabu anayoitangaza nabii huyu ina sababu inayoweza kushikwa mkononi, yaani vazi la mtu aliyelala na baridi, na kumwomba Mungu asikasirike mbele ya jambo hilo ni kumwomba asimjali mwenye vazi.

Hapo ndipo Marcion aliposhindwa kujibu. Tertullian, mwandishi Mkristo wa Carthage, Afrika Kaskazini, aliyeandika vitabu 5 vya kumpinga, aliuliza kwa kejeli ni Mungu gani anayekataza uovu lakini haudhiki unapotendwa, kwa maana katazo lisilo na hukumu ni sawa na ruhusa. Kama hamwogopi Mungu wenu kwa kuwa ni mwema tu, aliwaambia wafuasi wa Marcion, mbona hamjiachii katika kila tamaa? Alijua kwamba wangejibu "hasha", na akaona kwamba kwa jibu hilo wamejifunga wenyewe.

Mwanzoni mwa karne ya 4, Lactantius, mwalimu wa ufasaha aliyeyaona mateso ya Wakristo yaliyoanza mwaka 303 chini ya Diocletian, kaisari wa Roma, aliandika kitabu kizima juu ya ghadhabu ya Mungu. Wanafalsafa waliomzunguka walishikilia kwamba hasira haimfai Mungu, na msemo wetu wa "hasira hasara" ungewapendeza sana. Lactantius alijibu kwamba anayependa wema hana budi kuchukia uovu, na kwamba asiyechukizwa na chochote hapendi chochote. Kwa maoni yangu hoja hii haijapata jibu la kutosha hadi leo, ingawa ina hatari yake, kwani msikilizaji anaweza kumpa Mungu hasira ya kibinadamu, ile inayopanda na kushuka. Ndiyo maana baadaye Augustino wa Hippo alifafanua kwamba hasira ya Mungu si msukosuko wa nafsi, bali ni hukumu yake inayoadhibu dhambi. Na Yakobo katika waraka wake alikuwa amekwisha kusema wazi kwamba hasira ya mwanadamu haitendi haki ya Mungu.

Wataalamu wangali wakibishana. Mwaka 1932 C. H. Dodd, mtaalamu mzaliwa wa Wales aliyefafanua Waraka wa Paulo kwa Warumi, alidai kwamba kwa Paulo ghadhabu ni matokeo ya dhambi yanayojiendesha yenyewe, si msimamo wa Mungu mwenyewe. Kweli sura ya 1 inasema mara tatu kwamba Mungu aliwaacha watu wafuate tamaa zao, lakini mtendaji katika sentensi zote tatu ni Mungu. Sura ya 5 nayo inasema kwamba wale ambao Kristo alikufa kwa ajili yao wataokolewa na ghadhabu hiyo, na kifo hicho ndicho kinachotajwa kuwa uthibitisho wa upendo wa Mungu. Kisha katika sura ya 12 Paulo anatoa agizo linalotegemea fundisho hili lote: waumini wasijilipizie kisasi, bali waiachie nafasi ghadhabu ya Mungu, na adui akiwa na njaa wampe chakula.