Kabla Mashine Haijawashwa: Namna Ninavyotafuta Pete Zilizopotea Ufuoni Malindi

Watu wengi wanaonijia baada ya kupoteza pete katika ufuo wa Malindi huanza kwa kuniuliza habari za mashine yangu ya kutambua metali: inafika kina gani, inaijua dhahabu au haiijui, inafanya kazi majini au nchi kavu tu. Ni maswali ya haki, nami nitayajibu, lakini ningependa msomaji afahamu tangu mwanzo kwamba sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla mashine haijawashwa. Hufanyika katika mazungumzo na mwenye pete, na katika kuyajua maji ya bahari yalikuwa wapi saa pete ilipotoka kidoleni.

Kwanza, kwa aliyepoteza pete leo hii na anasoma maneno haya akiwa bado ufuoni: usiufukue mchanga kwa mikono wala kwa reki, na usiite umati wa watu waje kukusaidia kuchimba. Dhahabu safi ina uzito unaokaribia mara 19 ya uzito wa maji ya ujazo uo huo, hali punje ya mchanga wa kawaida haifiki mara 3. Kila mchanga unapotikiswa, pete huteremka chini zaidi. Simama pale ulipo, tazama nyuma yako uchague mnazi, paa la makuti au nguzo iliyo sawa na wewe, kisha upige picha kwa simu kuelekea bara na nyingine kuelekea baharini. Ukiweza, chomeka kijiti juu ya mstari ambao maji hayafiki, mkabala na mahali hapo. Andika saa. Mambo hayo machache yana faida kuliko mashine yoyote ya bei kubwa.

Mashine yenyewe ina koili ya waya iliyofungwa ndani ya sahani ya plastiki, nayo hupitishwa umeme unaobadilika mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde. Umeme huo hutengeneza uga sumaku unaoshuka mchangani, na uga huo ukikutana na metali huzalisha ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka. Mikondo hiyo nayo hutoa uga wake, dhaifu na wenye kuchelewa kidogo, na koili ya pili huupokea. Kwa kupima kiasi cha kuchelewa huko mashine hukadiria aina ya metali, ikaonyesha namba kwenye kioo na kutoa mlio masikioni mwangu. Pete nzima isiyokatika husikika vizuri kwa sababu mkondo hupata njia kamili ya kuzunguka, lakini pete iliyokatwa au kupasuka mahali pamoja hutoa mlio dhaifu sana. Mkufu mwembamba ni mgumu zaidi, maana mashine huona kila kipete cha mkufu peke yake, na mara nyingi kinachosikika ni kile kifungio tu. Wanaopoteza vipuli vidogo vya masikio huwaeleza mapema kwamba matumaini ni haba, ili wasiweke moyo wao wote kwenye jambo ambalo mashine haina uwezo nalo.

Swali la kwamba mashine inaijua dhahabu lina jibu lisilowafurahisha watu. Pete ya dhahabu huangukia katika namba zile zile za karatasi ya fedha ya paketi ya sigara, za vishikizo vya makopo ya soda, na za vipande vya risasi ambavyo wavuvi hutumia kama chubwi, yaani uzito wa kuzamisha mshipi. Mtu akiiamuru mashine ipuuze takataka hizo, ameiamuru ipuuze na pete. Kwa hiyo mimi huchimba kila mlio usiokuwa wa chuma, na karibu na mahali ambapo mashua hukarabatiwa huchimba hata milio yenye shaka, kwa kuwa msumari mzee unaweza kuificha pete iliyolala kando yake. Pete za fedha ambazo wanaume wengi wa Kiislamu huvaa, aghalabu zenye akiki, ni rahisi kidogo: fedha hupitisha umeme vizuri mno, namba zake huwa za juu, na takataka zinazofanana nayo ni chache.

Mchanga wa Malindi nao una tabia zake, na hapa nazungumza kwa upendo wa mtu aliyeutembea sana. Mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Athi kisha Galana, huteremsha udongo na mchanga kutoka bara na kuumwaga baharini kaskazini ya mji. Wakati wa kaskazi, upepo wa msimu utokao kaskazini, mkondo wa pwani huuleta udongo huo kusini mpaka kwenye ghuba yetu, ndiyo maana maji huwa ya kahawia na mchanga huongezeka. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, udongo huo huelekezwa upande wa kaskazini, kuelekea Mambrui na kwingineko. Ndani ya mchanga huo mna chembe nyeusi nzito zenye madini ya chuma, ambazo baada ya wimbi kurudi huonekana zimejipanga michirizi myeusi ing'aayo. Chembe hizo huisumbua mashine ya kawaida, na maji ya chumvi huisumbua pia kwa kuwa yenyewe hupitisha umeme. Mashine yenye masafa moja, yaani ambayo umeme wake hubadilika mwelekeo kwa kasi moja tu, inayofanya kazi vyema shambani au uani hulialia ovyo ikifikishwa pale mawimbi yanapovunjikia. Kwa mchanga mkavu wa juu mashine yoyote nzuri inafaa. Kwa mchanga uliolowa natumia ile inayotuma masafa kadhaa kwa pamoja, na majini kabisa natumia ya mapigo, ambayo hutuma mshtuko mfupi wa umeme, ikanyamaza, kisha ikasikiliza. Hii ya mapigo haijali sana chumvi wala mchanga mweusi, lakini haina uhodari wa kutofautisha chuma na dhahabu, basi unachimba kila kitu. Ukielekea fukwe za Silversands na Casuarina utakuta mchanga mweupe zaidi uliotokana na matumbawe, nao ni mtulivu kwa mashine.

Kina? Kwa koili ya ukubwa wa kawaida, pete nzito husikika kwenye sentimita 20 hadi 30 hivi, na pete nyembamba chini ya hapo. Asiwepo wa kukuahidi mita nzima.

Nirudi sasa kwenye mazungumzo, kwa sababu ndipo penye kazi. Alinijia mama mmoja kijana aliyepoteza pete yake ya ndoa Silversands, naye alikuwa na hakika kwamba imepotea alasiri, kwani saa kumi ndipo alipotazama kidole akakiona kitupu. Jamaa zake walikuwa wamekwisha kuchambua mchanga wa juu, karibu na walipotandika mkeka, mpaka giza likaingia. Nilimwomba anisimulie siku nzima, si saa hiyo tu.

"Mwanangu," nilimwuliza, "mara ya mwisho kuingia majini na mtoto, ulipokuwa unatoka, jua lilikuwa usoni au mgongoni?"

Alifikiri kidogo. "Mgongoni, Ami. Kivuli changu kilikuwa mbele yangu, mtoto alikuwa anakikanyaga."

Ufuo wetu unatazama mashariki. Anayetoka majini huku jua li mgongoni ametoka asubuhi, na kwa kuwa hiyo ndiyo mara yake ya mwisho, mama huyu hakuingia tena baada ya adhuhuri. Nilimwuliza pia kama alikuwa amejipaka mafuta, akasema alimpaka mtoto mafuta ya nazi kabla tu ya kumwingiza majini. Mikono yenye mafuta, maji yaliyo baridi kuliko mwili, na kumrusha mtoto juu na kumdaka: kidole husinyaa kidogo katika maji, na pete iliyokuwa ikikaza nyumbani huteleza bila mtu kuhisi.

Ilikuwa siku ya bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, mwezi umeandama juzi. Katika pwani yetu maji ya bamvua hupwa kabisa baina ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa alasiri kwenye saa kumi au saa kumi na moja, na tofauti ya kimo baina ya kupwa na kujaa hufika mita 3 na zaidi. Kwa hiyo mahali alipochezea mtoto asubuhi palikuwa mbali sana chini ya ufuo, na saa kumi, alipogundua, pale pote palikuwa pamefunikwa na maji mengi. Jamaa zake walitafuta kwa bidii mahali ambapo pete haijafika. Tulingoja maji ya kesho yake, ambayo huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, tukafuata maji yanavyopwa.

Nilipanga kamba mbili sambamba na bahari na kutembea kati yake, koili ikigusa mchanga kwa karibu, kila mfagio ukifunika nusu ya ule uliotangulia. Nilipomaliza nilirudia eneo lile lile kwa kulikata, kutoka nchi kavu kuelekea majini, kwa sababu pete iliyosimama wima haisikiki sawasawa kutoka kila upande. Kizibo cha soda kilitoa mlio wa juu wenye kukwaruza pembeni. Chubwi likatoa mlio mzuri unaodanganya. Kisha ukaja mlio mfupi, mlaini, wa katikati, uliobaki vile vile nilipougeukia kutoka kusini na kutoka mashariki, na namba yake haikurukaruka. Nilishindilia kata ya chuma yenye matundu, nikainua, nikaisuuza ndani ya kidimbwi. Mchanga ulipochujika likabaki ganda la kombe, kipande cha mwani na pete, imelala ubavu, ndani yake mchanga umeganda kwenye herufi. Mama yule aliisoma kabla sijamkabidhi, kwa moyo, herufi moja moja.

Hilo la herufi ni jambo ninalolishikilia. Kabla ya kuanza kutafuta, mwenye pete hunieleza alama zake: imeandikwa nini ndani, ina mkwaruzo wapi, imepigwa muhuri gani. Dhahabu ya karati 22 aghalabu hupigwa 916, ya karati 18 hupigwa 750, na ya karati 9 hupigwa 375. Watu wengi hawajawahi kuutazama muhuri wa pete waliyoivaa miaka mingi, na ningewasihi wautazame leo na kuipiga picha.

Wapo wanaokuja kwa sababu nyingine, nao huona haya kuisema: pete haikuteleza, ilirushwa. Katika ugomvi wa nyumbani mtu huivua na kuitupa uani au kichakani, kisha moyo ukipoa anaitaka. Siwaulizi habari za ugomvi. Nawapa nati ya chuma yenye uzito unaokaribiana na pete, nawaomba wasimame pale pale na kuirusha kwa mkono ule ule na kwa nguvu zile zile, kisha waifanye tena. Nati hizo hunionyesha eneo, na mara nyingi huwa ni tofauti na pale wanaponionyesha kwa kidole.

Kuna mahali ambapo mashine yangu haiwashwi hata nikibembelezwa. Malindi na jirani zake ni nchi ya magofu: Gede, Mambrui, misikiti na makaburi ya kale. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inalinda mambo ya kale, na kuyatafuta au kuyachimba kunahitaji kibali. Wanaakiolojia wa Kenya na China walipochimba Mambrui mwaka 2010 walipata sarafu ya enzi ya mfalme Yongle wa China, aliyetawala kuanzia mwaka 1402 hadi 1424. Thamani ya sarafu ile kwa historia yetu imo katika tabaka la udongo ilimolala na vitu vilivyokuwa pamoja nayo, na mtu akiing'oa usiku kwa mashine amebaki na kipande cha shaba tu. Nikikutana na kitu cha kale bila kukusudia, hukiacha palepale na kuwaarifu watu wa makumbusho. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, huwaona kwanza maafisa wa wanyamapori. Na popote pale kila shimo hufukiwa, kwa kuwa kasa hutaga katika fukwe hizi, na vitoto vyao vikitumbukia shimoni havifiki baharini.

Hutokea pia nikapata pete isiyo ya niliyemtafutia. Fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, inamtaka aliyeokota kitu cha thamani akitangaze mwaka mzima, nami hufuata hivyo. Nawaambia walinzi wa hoteli, vijana wa bichi na wavuvi kwamba kuna pete imepatikana, bila kutaja rangi wala maandishi, na anayekuja hunitajia yeye.

Mwisho niwajibu wanaosema, "Imepita miaka, basi tena." Dhahabu haishiki kutu, na mchanga unaoifunika msimu huu unaweza kuchukuliwa na mawimbi ya kusi ya msimu ujao. Ninachohitaji ni tarehe na saa. Tazameni picha za simu za siku ile: nyingi huhifadhi saa kamili, na kwa kuzipanga huonekana ni ipi ya mwisho yenye pete kidoleni na ipi ya kwanza isiyo nayo. Nikipewa picha mbili hizo nafungua jedwali la maji la tarehe ile, napima bahari ilikuwa umbali gani kutoka kwenye mnazi unaoonekana nyuma yenu, kisha twapanga siku ya bamvua ya kwenda.