Daraja tumepata, hela ya barabara bado

"Injinia, daraja si mmeshajengewa? Mnalia nini tena?" Nimelisikia hili kwenye daladala, msibani, hata kikaoni mbele ya watu wanaopanga bajeti. Naliandikia jibu hapa ili mwingine akiniuliza nimtumie tu, niendelee na chai yangu.

Daraja la JPM (John Pombe Magufuli), Kigongo hadi Busisi mkoani Mwanza, kilomita 3 na zaidi ya shilingi bilioni 700, lilifunguliwa Juni 2025. Kazi nzuri, sibishi. Ila halikupunguza mahitaji ya Mwanza, limeyaongeza. Basi la Geita lililokuwa likisubiri kivuko sasa linafika Usagara bila kusimama, halafu Buhongwa linaingia kwenye foleni ile ile ya bajaji na bodaboda mpaka Mkuyuni. Na watu wanaongezeka: sensa ya 2012 mkoa ulikuwa na milioni 2.77, ya 2022 milioni 3.7. Tuendelee.

Kinachoniudhi hasa ni imani kwamba barabara hununuliwa mara moja, utepe ukikatwa basi. Chukua kalavati moja, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, la milimita 600 chini ya mlima, Mabatini au Igogo. Huko juu watu wamejenga kwenye miamba, udongo uko wazi. Mvua ya Novemba ikipiga, mchanga unashuka na chupa za plastiki na kandambili zilizokatika. Desemba bomba limebakiza nafasi ya kupitisha mkono. Maji yakikosa njia yanapanda barabarani, yanakula bega (ukingo wa barabara), yanapenya chini ya lami, tabaka la msingi linalowa, na lori la kwanza lenye shehena linapasua. Kulizibua ni kazi ya siku moja ya vijana wachache wenye makoleo. Kujenga upya kipande kilichopasuka ni zabuni nzima.

Mbona halizibuliwi? "Hela zimeliwa," mtasema. Zipo zinazoliwa, siwezi kubisha. Lakini mara nyingi hela imekuja wakati mbaya. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mpaka fungu lishuke, zabuni itangazwe, mkataba usainiwe, vuli imeshaingia. Mkandarasi anachimba matope, hati yake ya malipo inachelewa, riba inaanza kuhesabiwa, na ikifika Juni tunakimbizana kumaliza fungu. Julai tunaanza upya, kama vile mvua nayo inasubiri bunge la bajeti! Mkataba wa matengenezo wa miaka mitano, wenye hela isiyohamishiwa kwingine, ungemweka mkandarasi na vijana wake mtaroni tangu Septemba. Nikiambiwa nichague hela nyingi ya mwaka mmoja au hela ya wastani yenye uhakika kwa miaka kumi, nachukua ya pili hata kabla hujamaliza kuuliza.

Mfuko wa Barabara upo, najua, na sheria inataka angalau asilimia 90 yake iende kwenye matengenezo. Mwaka 2021 tozo ya mafuta iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Sawa. Ila tozo ya lita inanitia mashaka: bajaji ya gesi na pikipiki ya umeme zinapita humo humo bila kununua hata lita moja, na pendekezo la kuziba pengo hilo lililoniridhisha sijaliona. Hata makadirio yetu wenyewe yana walakini. Tunasimama barabarani kuhesabu magari, wakati watu wengi wa milimani wanashuka mjini kwa miguu. Kwenye jedwali hawapo, na kwenye bajeti pia hawapo.

Kuhusu njia maalum za mabasi, za kuyatoa kwenye foleni ile, sina mashaka. Ukanda wa Buhongwa hadi mjini uwekewe mipaka na fidia ilipwe sasa, kabla watu hawajapandisha maghorofa. Hapo hela ya msimu haifai kabisa, kwa sababu tathmini ya fidia ina uhai wa miaka miwili: usipolipa ndani yake imekufa, mthamini anarudi na daftari jipya, na kiwanja kimeshapanda bei kwa ajili ya mradi wako mwenyewe.