Kabla hujaifomati simu: ililia au haikulia?

Kila Google au Apple wanapotoa toleo jipya, simu yangu hujaa sentensi ileile: "Fundi, apdeti imeua NFC," yaani ule uwezo wa simu kusoma tagi kwa kugusishwa. Wengi wanaoniandikia ni wasimamizi wa walinzi. Kazi yangu ni kufunga mifumo ya doria kwenye maghala na majengo ya ofisi hapa Dar. Tagi, vibandiko vyenye chipu ndogo, zinabandikwa kwenye vituo, mlinzi anapita usiku na kugusisha simu, na asubuhi ofisi inaona nani alipita wapi na saa ngapi. Tagi zikigoma, kelele zote zinaishia kwangu, tena zinakuja na hukumu tayari. Hakuna anayeuliza kimetokea nini. Ninatajiwa muuaji, ninaombwa nirudishe toleo la zamani, na mara nyingine ninaambiwa kwa fahari kwamba simu imeshafomatiwa.

Jamani, msifomati. Programu nyingi za doria huhifadhi rekodi ndani ya simu mpaka mtandao upatikane. Ukiifomati kabla hazijatumwa, umefuta usiku mzima wa kazi ya mtu, na mwisho wa mwezi atakatwa hela kwa doria aliyoizunguka kwa miguu yake mwenyewe.

Msingi nitaupita haraka. Simu inatoa uga wa sumaku wa megahezi 13.56. Tagi haina betri. Inachota umeme kwenye uga huo na kuutumia kujibu. Umbali ni sentimita chache tu. Upande wa simu kuna antena, kuna chipu ya NFC, juu yake huduma ya NFC ya mfumo, na juu kabisa programu yako. Mimi hutumia tagi za NTAG213, zenye baiti 144 za kuandikia, na kwa namba ya kituo hizo ni nyingi mno. Ukiuziwa NTAG216 ya baiti 888 kwa kazi hiyohiyo, umelipia nafasi ya kukaa tupu.

Sasa tuje kwenye kinachonikera. Antena imekatika, chipu haijawaka, mfumo umeipa tagi programu nyingine, programu imepokea tagi ikashindwa kuielewa: haya ni magonjwa manne tofauti, na yote huletwa kwangu kwa jina moja, "haisomi". Kuyatenganisha hakuhitaji kifaa chochote. Kunahitaji masikio.

Kwenye Android, skrini ikiwa imewaka na simu imefunguliwa, tagi ikitambuliwa simu hutoa mlio mfupi au hutikisika. Mlio huo hautoki kwenye programu ya doria. Unatoka kwenye huduma ya NFC ya mfumo wenyewe. Maana yake, simu ikilia, antena ni nzima, chipu ni nzima, tagi imepata umeme na imejibu. Hiyo NFC unayoniambia imekufa imetoka kukusalimia sasa hivi. Tatizo lipo juu yake, kwenye njia ya kutoka mfumo kwenda programu, na huko hata ukifomati mara saba hutakuta kitu.

Simu isipolia, hapo tuna mazungumzo mengine. Lakini jaribu kwa haki. Ondoa hali ya kimya na ongeza sauti. Toka kwenye programu ya doria kabisa, ukae kwenye skrini ya mwanzo, kwa sababu programu ikiwa wazi inaweza kuuambia mfumo usitoe mlio, na zipo zinazofanya hivyo. Kisha gusisha kadi ya benki yenye alama ya mawimbi. Simu ikilia, au ikileta ujumbe kwamba haina programu ya kushughulikia hiki kitu, umepata jibu: upande wa simu uko hai. Jaribio lote ni fupi kuliko ujumbe wa sauti wa kunilalamikia. Na bado nikiuliza, "Mkuu, ililia au haikulia?" jibu ni, "Sikumbuki, lakini haisomi."

Mbona basi ilikuwa inasoma jana? Kwa sababu kwenye simu yako kuna apdeti za aina mbili, na watu wanazichanganya. Kuna apdeti ya mfumo, ile inayozima simu na kuiwasha tena. Kuna na apdeti ya programu moja, inayoshuka kimyakimya kutoka Play Store usiku simu ikiwa kwenye chaji. Ya kwanza inaonekana, kwa hiyo ndiyo inayolaumiwa. Ya pili ndiyo ninayoikuta na hatia mara nyingi zaidi.

Nitoe mfano ambao bado unaniudhi. Android 12 ilitoka Oktoba 2021. Kabla yake, programu iliyo wazi mbele ya mtumiaji iliweza kuuachia mfumo bahasha: ukiona tagi, weka habari zake humu uniletee. Kwenye kodi, yaani maandishi ya ndani ya programu, bahasha hiyo huitwa PendingIntent. Android 12 ikaja na sharti kwa programu zinazoilenga, yaani zinazojitangaza kuwa zimeandaliwa kwa ajili yake: sema waziwazi kama bahasha yako inaweza kujazwa na mwingine au imefungwa kwa gundi. Usiposema, programu inaanguka papo hapo, na ujumbe wa kosa unakushauri uifunge, uiache wazi pale tu inapobidi. Ushauri huo ni sahihi kwa karibu kila kazi, maana bahasha iliyo wazi ni mlango wa wezi. Ila NFC ndiyo pale inapobidi. Mfumo usipoweza kuweka tagi ndani ya bahasha, utaleta bahasha tupu.

Mwaka 2022 Google Play wakaweka tarehe: kuanzia Agosti kwa programu mpya, na Novemba kwa apdeti za zilizopo, lazima zilenge Android 12. Wanaoandika programu wakabadilisha namba ya toleo linalolengwa kutoka 30 kuwa 31, ambayo ni Android 12, programu ikaanguka, wakasoma nusu ya kwanza ya ujumbe wa kosa, wakabandika FLAG_IMMUTABLE, ndiyo ile gundi, ikaacha kuanguka, wakaipeleka sokoni. Kuijaribu kwa tagi halisi? Nani ana muda. Matokeo yake simu inalia vizuri kabisa, programu inaamka, haina kitu mkononi, inabaki kimya. Mlinzi anagusisha tena na tena kwenye giza, mbu wanamla.

Na hapa ndipo ule ushahidi wa "mfumo mpya umeua" unapovunjika. Gundi hiyo inafanya kazi hata kwenye Android za zamani, tangu Android 6. Kwa hiyo simu za Android 9, ambazo hazikuwa zimepata apdeti yoyote ya mfumo kwa miaka, nazo ziliacha kupokea tagi. Mfumo wake ulikuwa uleule. Kilichobadilika kilikuwa programu. Dawa yake ni neno moja kwenye kodi, FLAG_MUTABLE, linaloacha bahasha wazi, au kuachana na bahasha kabisa na kutumia enableReaderMode, ambayo ipo tangu Android 4.4 ya mwaka 2013 na inapokea tagi moja kwa moja. Kwa nini programu za doria bado hazitumii hiyo njia ya pili, sijawahi kupewa sababu ya kueleweka. Hoja ninayopewa ni "mbona ilikuwa inafanya kazi".

Kwa hiyo kabla hujamlaumu mwenye mfumo, fungua Play Store na utazame programu yako imeapdetiwa lini. Linganisha na siku tatizo lilipoanza.

Apdeti ya mfumo yenyewe nayo ina ujanja wake mmoja wa kawaida: inawasha simu upya. Android haisomi tagi ikiwa imefungwa, na iPhone haisomi tagi nyuma ya pazia, yaani bila kufungua programu, mpaka ifunguliwe kwa namba ya siri angalau mara moja baada ya kuwashwa. Simu imejiwasha saa tisa usiku, iko mfukoni, hakuna aliyeifungua. Mlinzi anaigusisha, kimya. Kwenye iPhone ongeza na haya: kamera ikiwa inatumika, haisomi, hali ya ndegeni ikiwa imewashwa, haisomi. Kusoma bila kufungua programu kulianza na XS na XR za 2018. Mwenye iPhone 7, 8 au X anahitaji programu, au kile kitufe cha kisomaji kilichokuja na iOS 14. Na antena ya iPhone iko ukingo wa juu, wakati Android nyingi wameiweka mgongoni, nyingine katikati, nyingine jirani na kamera. Ukimbadilishia mlinzi simu usimwonyeshe pa kugusisha, atakuambia mpya ni mbovu.

Halafu kuna wahalifu ambao hawahusiani na programu yoyote, ila wanapenda kujificha nyuma ya apdeti. Kava lenye kibati cha sumaku cha kushikia simu kwenye gari ni mmoja wao. Chuma kilicho karibu na antena kinazalisha mikondo inayoupinga uga, na tagi inakosa umeme. Mwingine ni mgongo wa simu uliobadilishwa na fundi. Kwenye simu nyingi koili ya NFC imebandikwa mgongoni humo au juu ya betri, na mgongo wa bei rahisi unaweza kuja bila koili, au na miguu isiyogusa. Fundi amekurudishia simu yenye mgongo unaong'aa isiyo na antena, na kwa kuwa imekuja na apdeti mbili zilizosubiri, basi apdeti ndiyo yenye kosa.

Geti la chuma ni kesi yake. Tagi ya stika iliyobandikwa moja kwa moja kwenye chuma haisomi, na ikisoma ni kwa huruma. Zipo tagi maalum zenye safu ya feraiti mgongoni, kinga dhidi ya chuma, zina bei zaidi, na ndizo za kuweka hapo. Mteja akisema "bandika tu hiyo hiyo", nabandika kwenye ukuta wa pembeni.

Na mwisho wa orodha ya maudhi, vile vifungo vya plastiki vya bluu vya kufungulia milango. Vingi ni vya kilohezi 125. Hakuna simu inayovisoma kwa NFC, haijawahi kuwepo, na hakuna apdeti ya kuondoa uwezo ambao haukuwepo. Vingine vinavyofanana navyo kwa sura ni MIFARE Classic, aina nyingine ya chipu za kadi, na hivyo hutegemea chipu ya simu: simu ya Google Nexus 4 ya mwaka 2012, iliyokuwa na chipu ya Broadcom, haikuweza kuvisoma wakati Nexus ya kabla yake iliweza. Ukibadilisha simu unaweza kupoteza kadi zako zote, na hapo ni simu ndiyo imebadilika.

Nimewatetea Google na Apple kiasi cha kutosha, sasa upande wa pili. Chipu ya NFC ina programu yake ya ndani, na apdeti ya mfumo inaweza kuja na toleo jipya la hiyo. Uandikaji wa toleo hilo kwenye chipu ukikwama, swichi ya NFC kwenye mipangilio inagoma kuwaka, au inawaka na kujizima yenyewe. Ukiona hivyo, hapo apdeti inashukiwa kwa haki. Mimi huizima simu kabisa, hungoja kidogo, huiwasha. Mara nyingine inapona, na mteja akiuliza nimefanya nini, sina maelezo yanayostahili ankara. Ikishindikana ndipo kufomati kunaweza kuzungumzwa, baada ya rekodi kutumwa. Matoleo mapya ya Android yana pia orodha ya programu zinazoruhusiwa kufunguliwa na tagi. Mtu akibonyeza kukataa mara moja bila kusoma, programu yake haitafunguka tena kwa kugusisha, na atakuapia kwamba hakubonyeza chochote.

Kuna na hali nisiyoipenda kuisema mbele ya wateja: simu mbili za modeli moja, toleo moja, tagi moja, moja inasoma papo hapo na nyingine inataka kubembelezwa. Vitabu vinakupa sentimita nne na kuendelea na safari. Kwenye ukuta wa ghala lenye nondo ndani, nusu ya hizo zimeshaliwa kabla hujafika, na inayobaki inategemea kava, mkono wa mlinzi na koili ilivyobandikwa kiwandani. Tagi iliyokuwa inasoma kwa shida haihitaji badiliko kubwa ili iache, na siku ikiacha sina njia ya uhakika ya kukuambia ni lipi kati ya hayo.

Ndiyo maana kwa wateja wangu simu moja hutangulia. Zilizobaki ninazima kuapdeti kwenyewe kwa ile programu ya doria, na ya mfumo tunaiahirisha. Iliyotangulia ninaizungusha vituo vyote mchana, kila kituo nikisikiliza mlio na kutazama kama rekodi imefika ofisini. Na iwe ile yenye kava nene na mgongo uliopita kwa fundi, siyo mpya ya meneja. Hiyo ya meneja itasoma tu.