Khanga ya bibi na simu ya mwalimu: dhana potofu kuhusu hadithi za kidijitali darasani

Mwaka juzi niliwapa kidato cha pili kazi. Kila mmoja achague kitu kimoja cha kwao, amuulize mkubwa wa nyumbani habari zake, kisha tutengeneze video ya dakika mbili kwa picha na sauti ya mwanafunzi. Binti mmoja akaja na khanga ya bibi yake. Wekundu ulikuwa umechuja mpaka ukafanana na chai ya maziwa, lakini jina lilisomeka: HASIDI HANA SABABU.

Darasa zima tulijua tunakoelekea. Bila shaka bibi aliinunua kumpigia mtu fumbo. Binti akaenda kumuuliza, na simu yangu mkononi. Bibi akacheka. Aliinunua Muheza mjini, miaka ya sabini mwanzoni, kwa kuwa aliipenda rangi. Jina hakulisoma, kusoma hakujui. Akaivaa maulidini, akambebea mtoto, akaendea nayo kwa wifi yake Pangani si mara moja wala mbili. Kisha akaingia kisomo, katika lile wimbi la elimu ya watu wazima lililopamba moto miaka hiyo ya sabini. Jioni moja anaanua nguo kambani, herufi zikamkalia sawa. "Nikakaa chini palepale," anasikika akisema. "Nikaanza kuhesabu nyumba nilizoingia nayo."

Nimewasimulia walimu wenzangu habari za video hiyo mara nyingi, na kila mara narudishiwa maneno yaleyale. Nitayajibu hapa, mengine kwa kirefu, mengine kwa kupita tu.

Dhana: Shule haina kompyuta wala intaneti, basi haiwezekani

Ukweli: tulitumia simu moja, yangu, tena kwa ruhusa ya mkuu wa shule, maana wanafunzi hawaruhusiwi kuja na zao. Intaneti niliihitaji mara moja tu, kupakua programu ya bure ya kuunganisha picha na sauti. Baada ya hapo simu ilikaa kwenye hali ya ndege, isije ikaingia simu ya mdai wangu katikati ya hadithi ya mtu.

Hata walioanzisha mtindo huu hawakuanzia kwenye mitambo mikubwa. Miaka ya 1990, huko California, Dana Atchley na Joe Lambert walikuwa wakiwakusanya watu wa kawaida kwa siku chache tu kila mmoja atengeneze filamu fupi ya maisha yake: picha chache za albamu, sauti ya mwenyewe, dakika mbili tatu, basi. Kabla hajagusa mashine mtu alikaa kwenye duara na wenzake akaisimulia hadithi yake kwa mdomo, wakamsikiliza. Sisi duara hilo tunalo tangu zamani, na mlango wake ni paukwa, pakawa.

Kilichotusumbua hasa ni sauti. Darasa la bati lina mwangwi, mvua ikinyesha husikii kitu, na nje kuna mtu anapiga kengele ya chakula. Tulirekodi kwenye stoo ya magodoro ya bweni. Magodoro yananyonya mwangwi vizuri kuliko kifaa chochote nilichowahi kuona kikiuzwa kwa kazi hiyo. Mwanafunzi anaketi juu ya godoro moja, simu imewekwa juu ya rundo la vitabu, kiasi cha shibiri moja na nusu kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isivume. Picha tulipiga asubuhi karibu na dirisha, kitu kikiwa kimetandazwa juu ya dawati lililofunikwa shuka jeupe.

Dhana: Utamaduni ni ngoma, vibuyu na nyumba ya msonge

Hii ndiyo iliyonichosha kuliko zote, kwa sababu nimeifundisha mwenyewe kwa miaka. Ukimwambia mwanafunzi "chora utamaduni wetu", utapata mlima Kilimanjaro, tembo, na mama mwenye mtungi kichwani. Mtoto huyo mlima hajauona na kwao maji wanachota kwa ndoo ya plastiki ya rangi. Anachora kile anachodhani unakitaka.

Ukweli ni kwamba vitu tunavyoviita vya asili, ukivikagua, vina safari ndefu. Chukua khanga yenyewe. Jina leso, ambalo Mombasa bado ndilo linalotumika, limetokana na Kireno. Wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya leso na kuviunganisha kwa sindano wapate nguo pana. Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, akafungua biashara Mombasa, na alama ya "Mali ya Abdulla" ikaja kuonekana kwenye khanga kwa miaka mingi. Zilichapwa India, Ulaya, baadaye Japani. Majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo nguo iliyobeba maneno yetu makali kuliko yote ilichapwa na watu ambao wengi wao hawakuelewa hata neno moja la walichokichapa. Je, si yetu? Ni yetu kabisa. Ila uyetu wake umo katika tulichokifanya nayo.

Au chukua Tingatinga. Vijana wengi hudhani ni michoro ya kale ya mababu. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya mbao za viwandani, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Aliuza sana kwa wageni wa Oysterbay. Akafariki 1972. Sanaa nzima inayotambulisha nchi duniani ilianza kwa kazi ya miaka minne ya mtu mmoja mwenye kopo la rangi. Nilipowaambia wanafunzi hilo, mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, sisi tukichora kwa rangi ya bodaboda?" Nikasema chora. Akachora.

Dhana: Kila mtoto ana utamaduni mmoja, nao ni kabila la baba yake

Mkoani Tanga dhana hii haimalizi hata kipindi kimoja. Nilikuwa na kijana ambaye wenzake walipomuuliza kabila alijibu, "Mkonge." Wakacheka mpaka nikapiga meza. Lakini alikuwa hatanii. Babu mzaa baba alitoka Kigoma, akaletwa kama manamba kukata mkonge. Bibi alikuwa Mbena, naye amezaliwa kambini. Mama mtu ni Msambaa. Nyumbani kwao wanazungumza Kiswahili, na Kiha anakijua maneno matatu, yote ya kutukania.

Kazi yake haikuwa na khanga wala ngoma. Aliokota katani, akaitia rangi kwenye makopo, akaibandika nyuzi kwa nyuzi juu ya ubavu wa boksi mpaka ikawa ramani: uzi mwekundu kutoka Kigoma, wa kijani kutoka Njombe, mfupi mweusi kutoka Lushoto, zote zimekutana kwenye fundo moja. Akapiga picha kila hatua, akaziunganisha, ukitazama unaona nyuzi zinatembea zenyewe. Sauti yake inasimulia zamu ya babu, na jinsi miba ya mkonge ilivyomwachia kovu kwenye kope.

Tukaongeza kitu nilichokisoma siku nyingi. Mkonge nao ni mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Asili ya mmea huo ni Mexico. Iliyofika hai ilikuwa 62. Kijana akaweka hilo mwisho wa video yake, bila maelezo. Namba tu: sitini na mbili.

Hapa pana tahadhari. Kuna mwalimu atakayemsimamisha mtoto pekee wa asili fulani na kumwambia, "Tuambie nyinyi huwa mnafanyaje." Mtoto wa miaka kumi na nne hawezi kuwa balozi wa watu laki kadhaa. Muulize habari za nyumba yao, zinatosha. Na kama hataki kusimulia ya kwao, mwache asimulie ya jirani au ya paka.

Dhana: Lugha ya nyumbani itamharibia Kiswahili na Kiingereza

Nilisoma shule ya sekondari ambako ukikamatwa unaongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni mpaka umkamate mwingine. Wenzetu Kenya wanazo hadithi za "diski" kwa sababu ileile. Kilichonifundisha kibao ni kunyamaza, wala si Kiingereza.

Huko Kanada, mtafiti Jim Cummins wa Toronto amefanya kazi miaka mingi na walimu wa watoto wahamiaji, wakiwaruhusu kuandika vitabu vyao kwa lugha mbili, ya nyumbani na ya shule, kwa msaada wa wazazi. Hoja yake ni kwamba ujuzi unaoupata katika lugha moja unahamia katika nyingine: mtoto aliyejifunza kupanga hadithi kwa Kiurdu hahitaji kujifunza upya kupanga hadithi kwa Kiingereza. Karibu na kwetu kuna African Storybook, mradi ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, wenye maktaba ya hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika. Ruhusa yake iko wazi: unaweza kuchapa, kutafsiri, kubadilisha. Mwalimu wa darasa la pili ukipata siku moja ya mtandao, pakua za kutosha.

Kwenye rekodi ya khanga, bibi anaanza kwa Kiswahili, lakini akifika kwenye maneno aliyoambiwa na wifi anaingia Kibondei bila kujua. Tulijadiliana sana kama tukate. Binti akakataa. Tukaandika maana chini ya picha. Ilimchukua siku mbili kupata Kiswahili cha neno moja, akarudi kwa bibi, akapewa maneno manne tofauti, akachagua moja. Sijawahi kuona mwanafunzi wa kidato cha pili akibishana hivyo juu ya neno la kamusi.

Dhana: Ni mchezo wa Ijumaa mchana, hauna alama

Dakika mbili za sauti ni kama maneno 200 hivi ya Kiswahili. Jaribu kumwambia mwanafunzi aliyeandika kurasa nne azipunguze zifike hapo bila kuua hadithi; utaona uhariri ni nini. Fasihi simulizi imo kwenye muhtasari wetu, mahojiano yamo, utungaji umo. Mimi nilisahihisha rasimu tatu za maandishi na video nikaipa alama chache tu, kwa makusudi, ili mwenye mkono mwepesi wa simu asimpite mwenye hadithi.

Dhana: Ikiisha, itumwe kila mahali watu waone

Hapa kosa ni langu. Video ya khanga ilinifurahisha mno. Usiku uleule nikaitupa kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, na kialama cha makofi. Sikumuuliza binti, sikumuuliza bibi. Asubuhi ilikuwa imeshafika Pangani.

Mama mzazi alikuja shuleni hata kabla ya mstari wa asubuhi. Hakupaza sauti, jambo lililokuwa baya zaidi. Alisema, "Mwalimu, mama alizungumza na mjukuu wake." Sikuwa na jibu. Ukweli ambao nilipaswa kuujua ni huu: anayesimulia jikoni hajasimulia sokoni. Sheria nazo zipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina ya kwake ya 2019, na ya Kenya inataja waziwazi ridhaa ya mzazi au mlezi pale taarifa zinapokuwa za mtoto. Sauti na sura ni taarifa za mtu, hata zikipambwa na muziki.

Niliifuta kwenye grupu, ingawa kufuta huko ni kama kufagia maji; nani anajua iko kwenye simu ngapi. Jumamosi nikaenda Muheza kuomba radhi. Bibi alikuwa ameshapigiwa simu na wifi yake, na mazungumzo yalikuwa marefu. Wifi, akiwa na miaka themanini na ushee, alikuwa amechekeshwa na jambo moja tu: miaka yote ile naye alikuwa hajui kusoma. Alikuwa akiisifia ile khanga kwa rangi.

Siku hizi nina karatasi yenye visanduku vitatu: darasani tu, shuleni, popote. Anajaza mwanafunzi, na anajaza aliyesimulia. Nilimpelekea bibi karatasi hiyo Jumamosi ileile, nikitumaini, nakiri, kwamba baada ya kicheko kile atachagua popote. Akavaa miwani, akaisoma yote taratibu, kidole kikifuata mstari. Akatia alama kwenye darasani tu, akaandika jina lake lote chini, herufi moja moja, akanirudishia kalamu.