Kasi ya intaneti iliyokaa bure: jirani aitumie vipi bila wewe kuumia

Saa nne asubuhi siku ya kazi, panda ngazi za fleti yoyote kule Pipeline, Embakasi, jijini Nairobi, ukiwa na simu mkononi. Kila ghorofa utaona majina ya Wi-Fi yakijipanga kwenye skrini, kumi, ishirini, mengine yakiwa na nguvu ya mistari yote. Nyuma ya milango mingi hakuna mtu. Wenyewe wako kazini Industrial Area au mjini, watoto wako shule, na ruta zimewasha taa zikisubiri jioni. Hapo hapo kwenye ngazi utamkuta kijana akinunua bando la saa moja ili atume barua ya kuomba kazi.

Hali hii inaniuma, kwa sababu kinachopotea pale hakirudi.

Wengi wetu tunachanganya vitu viwili. Bando la simu ni kiasi: ukinunua gigabaiti moja ukatumia nusu, nusu ya pili bado ni yako mpaka muda wake uishe, kama unga ulio kwenye debe. Intaneti ya nyumbani inayolipiwa kwa mwezi aghalabu huuzwa kwa kasi: megabiti 10 kwa sekunde, au 20, au 40. Kasi haiwekwi akiba. Sekunde ikipita bila kutumiwa imekwenda, sawa na kiti cha matatu kilichotoka stejini kitupu. Hakuna makanga anayeweza kukiuza kiti hicho kesho.

Tupige hesabu. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo laini ya megabiti 10 hupitisha megabaiti 1.25 kila sekunde. Nyumba ikikaa bila mtu kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, hizo ni saa tisa, yaani sekunde 32,400. Zidisha: ni zaidi ya gigabaiti 40 ambazo zingeweza kupita na hazikupita, katika nyumba moja, siku moja. (Mikataba mingine ina kikomo, ukivuka kiasi fulani kasi inashushwa. Usome wako kabla ya kuanza ukarimu.)

Hata jioni, watu wakiwa nyumbani, nafasi huwa ipo. Unapofungua ukurasa wa gazeti, data huja kwa sekunde mbili tatu, kisha unasoma kwa dakika nzima laini ikiwa imenyamaza. Anayetazama video naye, simu yake huvuta kipande, hutulia, huvuta kingine. Mahitaji ya watu wanne hayagongani kila wakati, na ndiyo maana familia nne zinaweza kuishi vizuri kwenye laini ya megabiti 20 bila kila moja kuhesabiwa megabiti 5 zake. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha mtandao wa redio ulioitwa ALOHAnet, ambamo mitambo ya visiwa mbalimbali ilitumia masafa yale yale: kila mmoja alituma alipokuwa na cha kutuma, na ujumbe ukigongana na mwingine, alingoja kidogo kisha akarudia. Wi-Fi, ambayo kiwango chake cha kwanza kilitoka mwaka 1997, iliongeza adabu moja: sikiliza kwanza kama kuna anayezungumza, ndipo useme.

Adabu hiyo ndiyo inayotuponza fleti zikibanana.

Niliwahi kuitwa na wapangaji wa ghorofa tatu waliokuwa wakichangia laini moja. Mama mwenye ruta alinipokea na malalamiko yake tayari: "Mwalimu, ikifika saa mbili usiku intaneti inakufa. Ni wale wa chini, watoto wao hawaachi katuni." Wa chini nao walikuwa na yao, kwamba mama anawabania. Uhusiano ulikuwa umeshaingia mchanga. Nilipoingia nikakuta ruta iko chumba cha kulala, nyuma ya televisheni, chini ya kitambaa cha kufuma. Simu yangu ilionyesha mitandao kumi na miwili, karibu yote imerundikana kwenye chaneli ya 6, yaani njia moja ile ile ya hewani. Nikashuka chini: kati ya ruta na simu za kule kulikuwa na sakafu mbili za zege na ukuta wa mawe, na simu zilikuwa na mstari mmoja tu.

Simu iliyo mbali hivyo huzungumza na ruta polepole. Iliyo karibu ikiweza kupokea megabiti 100 kwa sekunde hewani na ya mbali ikaweza 6 tu, basi video ile ile humchukua yule wa mbali zamu ya hewa zaidi ya mara kumi na sita. Wengine wote wanangoja amalize, kwa sababu kwenye chaneli moja anasema mmoja kwa wakati. Laini iliyolipiwa ilikuwa na nafasi, iliyojaa ilikuwa hewa. Watoto hawakuwa na kosa lolote.

Tuliitoa ruta mafichoni tukaiweka juu, karibu na mlango. Tukashusha waya wa mtandao kwenye ngazi hadi ghorofa ya chini, tukafunga ruta ndogo huko. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu, 1, 6 na 11, basi moja tukaipa 1 na nyingine 11. Vifaa vilivyo chumba kimoja na ruta tukavihamishia gigahezi 5, ambako chaneli ni nyingi na mawimbi hayavuki kuta kwa urahisi, jambo ambalo katika fleti zilizobanana ni faida. Saa mbili usiku nilikuwa bado pale, na katuni ziliendelea chini huku mama akizungumza na dada yake kwa video juu.

Kwenye nyumba za mabati shida hubadilika sura. Bati huyarudisha mawimbi ya redio, kwa hiyo ruta iliyo ndani ya chumba husikika vibaya nje hata hatua chache. Huko, antena huwekwa juu ya paa na waya ukaingizwa ndani. Kule Kibera, shirika liitwalo Tunapanda limejenga mtandao wa jamii wa aina hii, likiunganisha shule na vituo vya vijana kwa antena zinazoonana kutoka paa hadi paa.

Mwenye laini ana haki ya kutangulizwa, na hili lisiachwe kwa maneno ya mdomo. Ruta nyingi zina mahali pa kuwasha mtandao wa wageni, wenye jina na nywila yake, na baadhi zinakuruhusu kuuwekea ukomo wa kasi. Tatizo lililofichika zaidi ni foleni. Mtu mmoja akianza kupakia video kubwa, data zake hujaa kwenye ruta na maneno ya simu ya mwingine yanakwama nyuma yake, kama ambulensi iliyozibwa na malori. OpenWrt, programu huria ya ruta iliyoanza mwaka 2004, ina mpango wa foleni unaopitisha kila mtu kwa zamu. Mkipata kijana anayeijua, mpeni kazi hiyo.

Hotspoti ya simu nimeiacha nyuma makusudi. Ukiiwasha unatoa unga wako kwenye debe, simu inapata joto, na betri inakwisha. Inafaa kwa dharura. Na wanaodhani simu tatu zikiunganishwa zitaleta kasi mara tatu, kumbukeni kwamba kama zote ziko kwenye mtandao mmoja na mnara mmoja, zinagombea kasi ile ile ya mnara.

Usalama sasa. Kwa mtandao wa nje, nyumba zote zilizo nyuma ya ruta moja huonekana kwa anwani moja. Jirani akifanya utapeli, watakaofuatilia watabisha kwako kwanza. Kwa hiyo gawana na unaowajua, tumia ulinzi wa WPA2 au WPA3 (aina za kufuli la Wi-Fi unazochagua kwenye mipangilio ya ruta), na usiache mtandao wazi. Mgeni naye ajue kwamba mwenye ruta anaweza kuona majina ya tovuti anazotembelea, ingawa kwenye tovuti zenye alama ya kufuli hawezi kusoma yaliyomo. Kubahatisha nywila ya mtu na kuingia bila idhini ni kosa chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni.

Kuhusu pesa, mikataba mingi ya nyumbani hukataza kuuza tena laini, na mingine hukataza hata kuitoa nje ya nyumba. Ukitaka kuhudumia ploti nzima kwa malipo, unahitaji leseni. Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa mwongozo wa leseni za mitandao ya jamii mwaka 2021, na vikundi vya wakazi vinaweza kuupitia. Kwa wapangaji wachache, njia nyepesi ni kumwendea landilodi kwa pamoja, kisha kuiambia kampuni ya intaneti wazi kwamba mnataka laini ya jengo.

Mkishaelewana, andikeni kwenye daftari nani analipa nini na tarehe gani, na nywila ya ruta yenyewe, ile ya kubadilishia mipangilio, abaki nayo mtu mmoja. Mpangaji akihama, badilisheni nywila ya Wi-Fi siku hiyo hiyo, kabla lori la vyombo halijafika barabara ya Outer Ring.