Soma Mwaka Kwanza: Mapambo ya Krismasi ya Kumbukumbu na Picha za Kutengenezea Mengine

Mtu akiniletea pambo la Krismasi na kuniuliza lina thamani gani, macho yangu huenda kwanza kwenye mwaka. Uzuri hufuata, na bei hufuata nyuma kabisa. Pambo la kumbukumbu limebeba tarehe, na tarehe hiyo ndiyo inayolifanya litafutwe, litunzwe na kurithishwa. Kazi yangu ni kutathmini makusanyo ya aina hii, lakini siku hizi maswali mengi ninayopata yanahusu jambo la pili: wapi pa kupata picha nzuri za zamani za kutengenezea kadi na mapambo ya nyumbani. Nitayajibu yote mawili hapa, kwa kuwa hata kwenye picha mwaka ndio unaoamua.

Desturi ya kutoa kitu kipya kila Krismasi kikiwa na mwaka wake haikuanzia kwenye mti. Ilianzia kwenye sahani. Mwaka 1895 kiwanda cha kauri cha Bing & Grøndahl huko Copenhagen kilitoa sahani ya buluu na nyeupe, yenye picha ya mji unaoonekana kupitia dirisha lililoganda kwa baridi. Kila mwaka ikatoka sahani nyingine, na kalibu ya ile iliyotangulia, yaani umbo lililotumika kuifinyanga, ikavunjwa. Royal Copenhagen, mshindani wao wa mji huohuo, aliingia mwaka 1908. Kule kuvunja kalibu ndiko kulikozaa wakusanyaji: mnunuzi alijua kwamba Krismasi ikipita, idadi imefungwa na hakuna atakayeiongeza.

Wazo hilo lilipanda mtini huko Marekani, mikononi mwa wafua fedha. Gorham walitoa chembe ya theluji ya fedha halisi mwaka 1970, na Wallace wakafuata mwaka 1971 na kengele iliyopakwa fedha. Kisha Hallmark, kampuni iliyojulikana kwa kadi, ikatoa mapambo 18 mwaka 1973: matufe 6 ya kioo na vikaragosi 12 vya nyuzi. Hapo ukusanyaji ulitoka kwa wenye uwezo wa kununua fedha ukaingia nyumba za kawaida, na ninaamini hakuna hatua nyingine iliyoupanua kiasi hicho.

Halafu kuna mapambo ya Ikulu ya Marekani, ambayo ndiyo huulizwa zaidi. Chama cha White House Historical Association kilianzishwa mwaka 1961 kwa juhudi za Jacqueline Kennedy, na tangu 1981 kimekuwa kikitoa pambo rasmi moja kila mwaka. La kwanza lilikuwa malaika arukaye. La mwaka 1982 lilimuenzi George Washington, na tangu hapo marais wamefuatana kwa zamu zao, foleni ikisimama pale panapokuwa na maadhimisho makubwa, kama mwaka 1992, jengo lilipotimiza miaka 200 tangu jiwe la msingi. Pambo la Eisenhower la 2019 lina helikopta, kwa kuwa yeye ndiye rais wa kwanza kuitumia akiwa madarakani. La 2024 lina umbo la nanga, kumbukumbu ya utumishi wa Jimmy Carter katika jeshi la majini, na Carter alikuwa wa kwanza kuenziwa na pambo hilo akiwa bado hai. Ukiyapanga mapambo haya yote mezani kwa mfuatano, unasoma historia ya nchi bila kufungua kitabu.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi wanaponunua. Chama hicho huendelea kuuza mapambo ya miaka iliyopita. Kwa hiyo pambo la 1985 si adimu kwa sababu tu ni la 1985. Idadi yake haikufungwa kama ya sahani za Copenhagen. Usikubali bei ya adimu kwa kitu ambacho mtoaji wake bado anakiuza. Kabla ya kulipa, uliza: je, kalibu ilivunjwa, au mashine bado inafanya kazi? Swali hilo hukuokoa pesa nyingi kuliko katalogi yoyote ya bei.

Kwenye mifululizo ya Hallmark hali ni tofauti, na pambo la kulitafuta kwa bidii ni lile la kwanza. Mfululizo wa Frosty Friends ulianza mwaka 1980 na umeendelea kwa miongo. Mwaka ule wa kwanza watu walinunua kitu kizuri cha kutundika, wakakitundika, watoto wakakivunja, boksi likatupwa. Wakusanyaji walikuja baadaye, mfululizo ulipokwisha kupata jina, nao wote wakawa wanalitafuta pambo lilelile la mwanzo. Ndiyo maana namba moja hugharimu kuliko namba kumi. Kwenye mapambo mengi ya mifululizo utaona alama ya kimti chenye namba ndani yake. Hiyo ndiyo nafasi ya pambo katika mfululizo, wala usiichanganye na mwaka.

Kazi ninayoipenda kuliko zote, hata hivyo, ni kutafuta mwaka wa pambo ambalo halikuandikwa mwaka. Matufe ya kioo ya zamani hayasemi wazi yalizaliwa lini, ila yana dalili nyingi kwa anayejua pa kutazama.

Mengi ya yale ya kale kabisa yalitoka Lauscha, mji mdogo wa milimani huko Thuringia, Ujerumani, ambako kioo kimekuwa kikitengenezwa tangu 1597. Katikati ya karne ya 19 wapulizaji wa pale walianza kutengeneza matufe na matunda ya kutundika. Gesi ilipofika mjini mwaka 1867 wakapata moto mkali unaotawalika, nao wakaweza kupuliza kioo chembamba sana. Ndani walipaka myeyusho wa fedha ili tufe ling'ae kama kioo cha kujitazamia. Biashara ya kuvuka bahari ilishika kasi mfanyabiashara Woolworth alipoanza kuyaagiza kwa ajili ya maduka yake ya Marekani katika miaka ya 1880.

Hapo sheria inaanza kutusaidia. Kuanzia 1891 Marekani ilidai bidhaa za nje ziandikwe jina la nchi zilikotoka, na majina ya nchi hubadilika. Kifuniko cha bati au lebo yenye jina la Czechoslovakia ni ya baada ya 1918. Jina la Ujerumani likiambatana na maneno ya eneo la kijeshi la Marekani, uko kati ya 1945 na 1949. Ikiwa ni Ujerumani Magharibi, uko kati ya 1949 na 1990. Hapa kuna jambo la kukumbuka: Lauscha iliangukia upande wa mashariki, kwa hiyo tufe la Ujerumani Magharibi si la Lauscha, hata muuzaji akiapa. Huenda limetengenezwa na mikono ya watu wa Lauscha, maana baadhi ya wapulizaji walihamia magharibi, hasa Neustadt karibu na Coburg, lakini mahali ni pengine.

Matufe ya Kimarekani ya Shiny Brite husomeka kwa urahisi zaidi, na Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndivyo vilivyoyaandikia tarehe. Max Eckardt alianzisha biashara hiyo mwaka 1937, na kiwanda cha Corning kikampulizia matufe kwa mashine iliyokuwa ikitengeneza globu za taa. Yale ya kabla ya vita yana mng'ao wa fedha ndani na kifuniko cha chuma. Vita vilipoingia, fedha ya ndani ikakosekana. Kioo kikabaki wazi, kimechorwa mistari myembamba ya rangi kwa nje. Kisha chuma nacho kikaadimika na kifuniko kikawa cha karatasi ngumu. Ukishika tufe linaloonyesha upande wa pili, lenye kofia ya karatasi, umeshika miaka ya vita. Mimi huyathamini haya kuliko yale yanayong'aa. Wengi hupita mbali nayo sokoni wakidhani yamechuja.

Tahadhari moja: kifuniko huchomoka, na kinachochomoka huhamishika. Usitoe hukumu kwa kifuniko peke yake. Kiondoe taratibu, tazama shingo ya tufe, linganisha alama za msuguano kwenye kioo na mahali waya unapokaa. Visipolingana, kifuniko kimetoka kwingine.

Kuhusu utunzaji nitasema machache. Usioshe tufe la zamani kwa maji, kwa sababu rangi yake haikuchomwa kwenye tanuri na itabanduka. Tumia brashi laini kavu. Pambo la shaba lililopakwa dhahabu lisisuguliwe kwa dawa ya kung'arishia, maana utaondoa dhahabu yenyewe. Fedha isikae na mpira, kwa kuwa salfa iliyomo kwenye mpira huitia weusi. Gazeti lina asidi na wino. Funga kwa karatasi laini isiyo na asidi. Boksi na kijitabu kilichomo ndani vitunze kama pambo lenyewe.

Sasa picha.

Anayetaka picha za kutengenezea mapambo huandika neno moja kwenye injini ya kutafutia na kuchukua ya kwanza iliyompendeza. Matokeo yake ni picha ndogo, iliyonakiliwa mara nyingi, isiyojulikana mwenyewe. Nenda kwenye chanzo. Maktaba ya Umma ya New York iliachia picha zaidi ya 180,000 za ukubwa kamili mwezi Januari 2016. Metropolitan Museum of Art ilifuata Februari 2017 na zaidi ya 375,000, na Smithsonian Februari 2020 na milioni 2.8. Rijksmuseum ya Amsterdam na Maktaba ya Bunge la Marekani nazo zina hazina kubwa. Unapotafuta humo, andika neno la Krismasi kwa lugha ya waliochapisha: Weihnachten kwa Wajerumani, jul kwa Waskandinavia, Noël kwa Wafaransa. Jaribu pia jina la mchapaji. Louis Prang wa Boston, aliyeuza kadi za Krismasi Marekani tangu 1875, atakupa maua, ndege na malaika kwa rangi ambazo mashine za leo hazijazifikia. Alichapa kwa mawe: kila jiwe lilibeba rangi moja tu, na kadi ilipita chini ya mawe mengi kabla haijakamilika.

Kisha soma mwaka, kama kwenye pambo. Kazi iliyochapishwa Marekani kabla ya 1930 haina tena hakimiliki huko, na kila Januari 1 mwaka mmoja zaidi unafunguliwa. Ulaya hesabu huanzia kwenye kifo cha msanii, kwa kuongeza miaka 70. Jenny Nyström, Mswidi aliyechora vibwengo vya Krismasi vyenye kofia nyekundu, alifariki 1946, hivyo Ulaya kazi zake ziko huru tangu 2017. Lakini kadi zake za miaka ya 1930 na 1940 zinaweza kuwa bado zinalindwa Marekani. Baba Krismasi mnene wa Thomas Nast, aliyetoka kwenye jarida la Harper's Weekly Januari 1881, ni wa kila mtu. Yule wa Haddon Sundblom aliyechorewa Coca-Cola tangu 1931 si wako, hata umekutana naye mara elfu. Na picha uliyopiga ya pambo la kampuni la miaka ya karibuni haikupi haki ya kuuza nakala za pambo hilo.

Ukinunua kadi ya zamani ili uiskani mwenyewe, ichunguze kwa lenzi ya mara kumi. Uchapaji wa mawe wa karne ya 19 una vitone visivyolingana, kama vilivyodonolewa kwa mkono. Ukiona vitone vya rangi nne vimejipanga kwa duara za kufanana, hiyo ni nakala ya kisasa.

Mwisho ni hesabu na wino. Uchapaji mzuri unahitaji vitone 300 kwa inchi, yaani picha ya pambo la sentimita 7 iwe na pikseli zisizopungua 827 kila upande, na ya sentimita 10 iwe na 1,181. Ukiwa na chini ya hapo, punguza pambo, usiivute picha. Printa ya wino wa maji huchuruzika ukipaka gundi ya maji juu yake, kwa hiyo kwa kazi ya kubandika, chapa kwa printa ya leza, ambayo tona yake, yaani wino wa unga, imeyeyushwa ikashika karatasi. Ukihamishia picha kwenye mbao au kitambaa, igeuze kwanza kushoto kulia, hasa ikiwa na maandishi. Nyuma ya kila pambo unalotengeneza andika kwa kalamu isiyofutika mwaka huu, na chini yake mwaka wa picha uliyoitumia pamoja na namba iliyopewa na makumbusho au maktaba ulikoitoa.