"Daktari, itarudi?" Makadirio ya hatari baada ya matibabu ya saratani ya matiti

Wagonjwa wanaomaliza mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, hutuuliza swali hilo kabla ya mengine yote. Daktari mkweli hajibu ndiyo wala hapana. Tunachoweza ni kukadiria, na makadirio hutoka kwenye ripoti ya maabara iliyopima kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe, karatasi ambayo wengi huja kliniki wameiacha Mbagala au kijijini.

Humo tunatafuta ukubwa wa uvimbe, daraja la seli (zimeharibika kiasi gani), vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea ishara za kukua, vya homoni mbili (estrojeni na projesteroni) na vya HER2, na zaidi sana idadi ya mitoki ya kwapani iliyokutwa na saratani. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 ulihusu wanawake zaidi ya 62,000 wenye saratani ya vipokezi vya homoni, waliotumia dawa za kuzuia homoni miaka 5 na kubaki salama. Waliokuwa na uvimbe usiozidi sentimita 2 na mitoki safi, takriban 13 kwa kila 100 ugonjwa uliwatokea sehemu nyingine ya mwili kati ya mwaka wa 5 na wa 20. Wenye uvimbe wa sentimita 2 hadi 5 na mitoki 4 hadi 9 walikuwa 41.

Tarakimu hizo ni za kundi, si hukumu ya mtu mmoja. Hata kwenye kundi zito, walio wengi haukuwatokea, na wengine walitibiwa kabla ya dawa bora za leo.

Saratani isiyo na hata kimoja cha vipokezi hivyo vitatu (estrojeni, projesteroni na HER2) ina tabia nyingine: hatari yake ni kubwa miaka ya mwanzo, na baada ya mwaka wa 5 hushuka sana.

Kwa wenye vipokezi vya homoni, wanaonisikitisha ni wanaoacha tamoksifeni, kidonge cha kuzuia homoni, kwa kuwa wanajisikia wazima. Ikitumika miaka 5, hupunguza uwezekano wa kurudi kwa karibu nusu. Wenye hatari kubwa huweza kushauriwa kufika miaka 10. Joto la ghafla mwilini linaloletwa na dawa hiyo ni adha kweli, hasa Februari ya Dar, lakini lina tiba. Mama, liseme kliniki kabla hujaacha vidonge.

Asiye na dalili hahitaji CT, kipimo cha picha za ndani ya mwili, kila mara. Mamogramu, yaani eksirei ya matiti, ya kila mwaka inatosha. Ila uvimbe mpya kwenye kovu au kwapani, maumivu ya mifupa yasiyoisha, au pumzi kubana, usivisubirishe hadi tarehe ya kliniki.